Bei Aliyomficha Yun-chin

Mimi nauza chapati za mayai na maziwa ya soya hapa Jiali, mji mdogo wa kusini mwa Taiwan, na bei zangu nimezibandika ukutani. Anayetaka anunue, asiyetaka apite, asubuhi njema. Ndiyo maana watu wanaong'ata maneno wakiulizwa bei hunipandisha damu, na katika wote hao hakuna aliyenitesa roho kama Shih Jui-feng, mpangaji wangu wa ghorofani.

Alirudi kutoka Taipei akiwa na miaka thelathini na saba, na kompyuta mbili, na kiti kimoja cha kuzunguka alichokipandisha ngazi mwenyewe kama anayebeba mgonjwa. Alikuwa ameacha kazi kwenye kampuni kubwa. Akasema sasa ataandika programu kwa ajili ya wafanyabiashara wa huku kwetu, yeye mwenyewe, bila bosi. Nikamwambia vizuri, mwanangu, huku biashara ziko nyingi na wanaojua kompyuta ni wachache.

Shida ni kwamba huku kwetu mteja haulizi bei. Anakuja, anakunywa chai yako, anamsifu marehemu mama yako, anaeleza kinachomsumbua, na akiinuka anasema, "Bei tutajuana tu." Wewe nawe unatakiwa ujibu, "Ah, bei kitu gani bwana." Fundi umeme akijibiwa hivyo anatabasamu, anafanya kazi, kesho yake analeta ankara. Jui-feng yeye aliyaamini yale maneno.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mzee Tsai wa shule ya udereva, aliyetaka wanafunzi wajiandikishe kwa simu. Jui-feng akakaa meza ya pembeni hapa dukani akahesabu siku atakazoandika, akapata jibu, akaliogopa, akalikata nusu. Alipotaja dola elfu ishirini, Mzee Tsai alikubali haraka mno, akaongeza na kikombe cha pili cha maziwa kwa furaha. Kazi ya wiki mbili ikala miezi mitatu. Kila asubuhi mzee anakuja na "kitu kidogo tu": rangi ibadilike, jina la mwalimu liongezwe, na mbona mkwewe simu yake haifungui.

"Wewe mtoto," nikamwambia siku moja, "macho yako yamekuwa kama ya sungura. Huyu mzee amekuoa?"

"Ni kitu kidogo tu, Shangazi."

"Vidogo kumi vinafanya jitu."

Aliyemwokoa ni Pai Ching-mei, dada mmoja aliyefanya naye kazi Taipei ambaye alitangulia kujiajiri. Alimpigia simu wakati Jui-feng anakula, mikono ina mafuta, kwa hiyo akaiweka simu mezani ikawa inapiga kelele duka zima likisikia.

"Ulihesabu saa za kuandika tu, siyo?" Ching-mei akauliza.

"Ndiyo."

"Na saa za kusikiliza porojo zake?"

"Hapana."

"Na za kurekebisha? Na za kwenda kumfungulia mkwewe simu?"

Jui-feng akajifuta mafuta mikononi.

"Basi wewe ndiye uliyemlipa yeye. Sikiliza, mdogo wangu. Nusu ya mwezi hutaandika hata herufi moja. Utatafuta wateja, utasafiri, utaugua, utabembeleza watu wakulipe. Nusu iliyobaki ndiyo inatakiwa ilishe mwezi mzima, na bima, na uzee wako. Ukishapata bei ya saa yako, usiikate kwa woga. Mteja akisema ghali, punguza kazi, usipunguze bei. Andikeni kilichomo na kisichokuwemo, ili hicho kitu kidogo nacho kiwe na bei. Na uchukue theluthi kabla hujafungua kompyuta."

"Na wakikataa?"

"Wachache wakikataa, uko sawa. Wakikubali wote, ujue unagawa."

Wateja wangu wawili wakapiga makofi. Jui-feng akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini aliyashika. Mwezi uliofuata alimtajia mwenye duka la miwani elfu themanini, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Yule bwana akasema, "Theluthi nikutumie leo?" Jui-feng akashuka ngazi mbiombio kuja kunieleza, viatu mkononi. Baada ya hapo akawa anataja bei bila kumeza mate. Kwa hiyo msije mkaniambia kijana hakujua. Alijua bei ya kila mtu katika mji huu, isipokuwa ya mmoja.

Huyo mmoja ni Chuang Yun-chin. Walisoma sekondari pamoja. Yeye alikaa dawati la mbele, na Jui-feng nyuma yake miaka mitatu akiangalia kisogo. Jui-feng alikwenda chuo, Yun-chin akaolewa na kijana mwenye mabwawa ya kufugia samaki wa mwatiko. Mume akaugua, akafa, akamwachia mabwawa, majokofu makubwa, na mama mkwe mwenye jicho la mwewe. Mazishi yale yalipopita, haukuisha mwaka Jui-feng akawa ameacha mshahara wa Taipei. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jiali nzima ilijua amemfuata nani, na aliyebaki kuambiwa ni Yun-chin mwenyewe.

Ile siku Yun-chin aliyokuja dukani kwangu, sikukuu za mwaka mpya zilikuwa zinakaribia na yeye alikuwa hoi. Watu walikuwa wanamwagiza samaki kwa ujumbe wa simu, mamia yao, huyu anataka nyama ya tumbo peke yake, yule anataka mzima aliyetolewa miiba, na mama mkwe anaandika kwenye kadi za karatasi kisha anazikalia. Alikaa meza ya pembeni na Jui-feng asubuhi nzima. Jui-feng alimsikiliza kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

"Naweza kukutengenezea," akasema. "Kila agizo litaingia mahali pamoja. Halitapotea hata moja."

"Kweli? Ngapi?"

Nilikuwa nafuta meza ya jirani. Nikasema moyoni, sasa sema, kijana, sema kama ulivyomwambia mwenye miwani.

"Ah, Yun-chin. Mimi na wewe si watu wa kuulizana bei."

Alisema hivyo huku uso wake unang'aa. Ila mimi niliuona wa Yun-chin. Ulijifunga kama duka saa ya mapumziko. Kwetu fadhila isiyo na bei inalipwa kwa kukisia, na mwenye haya zake hukisia juu. Mjane hukisia juu zaidi, maana mama mkwe anahesabu na soko zima linahesabu.

Programu ikatengenezwa, na ilikuwa nzuri, hilo nitalisema popote. Sikukuu zile hakuna agizo lililopotea. Na siku ya pili baada ya kazi kuanza, Yun-chin akaleta boksi la mwatiko waliokwisha kutolewa miiba. Jui-feng akiongeza kitufe, linakuja boksi. Akirekebisha hesabu ya nauli, yanakuja mananasi na boksi. Jokofu la ghorofani likajaa, la kwangu likajaa, tukawa tunakula uji wa mwatiko mpaka paka wa jirani akasusa.

"Amenikumbuka tena, Shangazi!" ananiambia, kakumbatia boksi.

"Anakulipa, mjinga wewe."

"Kulipa wapi. Hii ni zawadi."

"Basi mwambie aache, uone kama ataacha."

Hakumwambia. Alikuwa anaishi kwa yale maboksi. Alikuwa anayafungua taratibu, barafu inamdondokea miguuni, akitafuta kama kuna karatasi yenye neno lolote. Hakukuwa na neno.

Siku moja Yun-chin akaleta mayai ya mkizi yaliyokaushwa, pande kubwa, jekundu kama kaharabu. Kitu kile mtu humpelekea daktari aliyemfanyia upasuaji mzazi wake. Nilipoliona nikajua mwanamke amefika ukomo wa mfuko wake. Na kweli, baada ya hapo hakuja tena. Akihitaji kitufe kingine, haombi kiongezwe. Anaandika kwa mkono. Akitaka kwenda sokoni anazunguka nyuma ya hekalu asipite mbele ya duka langu. Mtu akikudai usichoweza kulipa, hata kumsalimia kunakuwa riba.

Jui-feng hakuelewa, au hakutaka. Alibaki na kitu kimoja: ile programu alikuwa anaweza kuiona ikifanya kazi akiwa chumbani kwake. Akishuka kunywa maziwa ananipa habari zake kama mtu aliyepokea barua.

"Leo ameamka mapema. Ameshafunga maagizo ya Taichung."

"Mmeongea?"

"Hapana. Nimeona tu."

Au ananiambia, "Jana hakuandika chochote mpaka mchana. Nadhani ana mafua." Akawa anatazama dirishani upande wa hekalu. Mtu mzima, fundi anayetafutwa mpaka Kaohsiung, anayejua saa yake moja ina thamani gani, anakaa anaangalia namba za samaki zikiongezeka, basi siku yake imekwisha vizuri. Niliwahi kumwambia aende mabwawani akaseme alilo nalo. Akasema atakwenda akipata sababu. Akawa anasubiri kitu kiharibike. Kwa bahati mbaya yake alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

Kisha asubuhi moja alishuka hana rangi. Programu ilikuwa imenyamaza. Tangu jana hakuna agizo hata moja lililoingia. Akataka kupiga simu, akaogopa. Akanituma mimi nikaulize sokoni. Nikauliza. Yun-chin alikuwa amehamia kwa kampuni moja ya mjini Tainan, mkataba wa miaka mitatu, malipo kila mwezi, risiti juu.

"Wanamtoza ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Ilikuwa mara mbili ya bei ambayo angetoza yeye.

"Lakini yangu ilikuwa bure," akasema. Akalirudia hilo neno akiwa ameshika gilasi tupu.

Ndipo nikaanza kumwona Lai. Huyu Lai Kun-mu anauza chakula cha samaki, mnene, sauti kama honi ya lori, na mkono wa birika ndiye mwenyewe. Kila Jumanne lori lake linasimama mabwawani na unasikia kelele mpaka barabarani.

"Gunia hili lina tundu, silipi!" Yun-chin anapiga kelele.

"Tundu la panya wako! Utalipa na la panya!"

Wanagombania dola tano kama wanagombania urithi. Wakishamaliza, mwanamke analipa, na nikipita nawakuta wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wanakunywa chai, Yun-chin amenyoosha miguu, anacheka na meno yote. Kwenye duka langu sikuwahi kumwona amenyoosha miguu.

Sikumwambia Jui-feng. Wala haikuhitajika. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, jua limeshatoka na duka limepungua watu, Yun-chin aliingia mwenyewe kupitia mlango wa mbele. Mkononi alikuwa na boksi jekundu la keki za uchumba. Mimi nilielewa kabla halijagusa meza. Jui-feng yeye aliliangalia lile boksi akatabasamu kwa mazoea, kama ni samaki.

"Nimeposwa," Yun-chin akasema. "Na Lai. Mama mkwe ameridhia."

Chapati iliniungulia. Jui-feng akasema hongera. Akasema tena hongera.

"Sikuja kwa keki tu. Nimekuja unitajie bei."

"Bei ya nini?"

"Ya ile programu. Na marekebisho yake yote."

"Yun-chin, hayo yamepita. Basi iwe zawadi yangu ya harusi."

Akapiga meza kwa kiganja. "Usinifanyie hivyo! Nitaingiaje nyumba ya mwanaume mwingine na deni lako mgongoni? Unajua mimi nimepita nyuma ya hekalu muda gani? Unajua mama mkwe alikuwa ananiuliza nini kila nikibeba boksi? 'Huyu kijana anataka nini, mbona hatozi?' Na mimi sina jibu. Mtu anayetoa bure ana anachonunua. Ulikuwa unanunua nini, Jui-feng?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Hata mimi nililizima jiko ili asikie moyo wake. Midomo yake ilifunguka. Akaangalia lile boksi jekundu, akaifunga.

"Dawa ya deni ni kulipa," Yun-chin akasema, sauti imeshuka. "Nisaidie nilipe."

Jui-feng akalisogeza lile boksi pembeni. Kisha nikamsikia akitumia ile sauti yake ya wateja, ila taratibu, anachagua kila neno.

"Kazi ya mwanzo, elfu tisini. Marekebisho, kwa saa zangu zote, elfu thelathini. Jumla laki moja na ishirini elfu."

Nilidhani Yun-chin atashtuka. Akavuta kiti akakaa, mara ya kwanza tangu ile siku ya kwanza.

"Toa samaki," akasema.

"Samaki gani?"

"Niliokuletea! Unataka kuniambia ulikula bure? Maboksi yote yale. Toa elfu ishirini."

"Elfu ishirini? Mwatiko wako ana lulu tumboni?"

"Na mayai ya mkizi!"

"Yale yalikuwa madogo."

"Madogo? Shangazi, umesikia? Yalikuwa madogo?"

"Makubwa kama ndala," nikasema.

"Basi kumi na tano," Jui-feng akasema, "na nanasi moja lilikuwa limeoza, silihesabu."

"Mwongo! Kumi na nane!"

Wakaenda hivyo, sauti juu, wanakatana maneno, mpaka wapita njia wakasimama. Yun-chin alikuwa anacheka huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na miguu yake ilikuwa imenyooka chini ya meza. Jui-feng alikuwa anacheka pia. Sijawahi kumwona mzuri vile. Walikuwa watoto wa shule, na kwa muda ule mfupi kila alichokitamani mwanaume huyu kilikuwa kimekaa mbele yake kikimwita mwizi.

Wakakubaliana laki moja na elfu tatu. Yun-chin akavuka barabara kwenda benki ya chama cha wakulima, akarudi na bahasha, akaihesabu mbele yake, akamsukumia kwa mikono miwili.

"Hatudaiani," akasema.

"Hatudaiani."

Aliinuka. Akafika mlangoni, akageuka, na uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa umechoka tu. "Ungenitajia bei siku ile," akasema, "ningekuwa nakuja hapa kila wiki kukutukana." Kisha akatoka, akapita njia ya mbele.

Jui-feng akaendelea kukaa. Nilimwacha. Ipo methali ya chelewa chelewa, na ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, nikaimeza. Siku hiyo hakufungua kompyuta. Siku zilizofuata alifanya kazi kama kawaida, akataja bei zake, akachukua theluthi zake. Ila ile bahasha haikwenda benki. Nilipokwenda kufagia chumba niliiona imelala juu ya kompyuta ya zamani, kama alivyopewa.

Siku ya harusi alishuka amevaa suti inayombana mabega. Mkono mmoja ameshika bahasha nyekundu ya kuwekea fedha za zawadi, tupu bado, na mkono wa pili ameshika ile ya Yun-chin na fedha zake zote ndani.

"Shangazi," akasema, "mtu uliyesoma naye tu, unamwekea ngapi?"

Swali lenyewe la kitoto. Amekwenda harusi ngapi huyu. Nilimtazama mikono, nikaona zile bahasha mbili zilivyokaribiana, nikajua anachoniuliza sicho alichotamka. Angeweza kuzitia zote. Lai asingejua, wapokea zawadi wangeandika tu, na Yun-chin angeifungua nyumbani kwa mumewe akakuta amerudishiwa mzigo wake.

"Elfu tatu na mia sita," nikamwambia. "Kwa hoteli ile, ndiyo inayowekwa."

Akachomoa elfu tatu na mia sita. Vidole vilikaa juu ya zile zilizobaki, vikakaa sana, roho yangu ikawa inaniuma kama ni mtoto wangu wa kumzaa. Kisha akaifunga bahasha nyekundu, akaandika jina lake nyuma kama wanavyoandika wageni wengine, na ile nyingine akanipa nimtunzie mpaka Jumatatu aipeleke benki.

Alirudi mapema, matunda ya kumalizia karamu hayajapita. Nikamuuliza bibi harusi alikuwaje. Akasema alipendeza. Nikamuuliza na wewe walikuketisha wapi.

"Meza ya waliosoma naye," akasema, akaanza kuvua tai. "Ile ya karibu na mlango."